Klara Mazengo na Darubini Isiyohama Misigiri

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bi. Klara Mazengo, fundi sanifu wa maabara katika kituo chetu cha utafiti wa mbegu za mafuta hapa Misigiri, anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Ieleweke kwamba ameondolewa na umri. Wengine waliojaribu hawakuweza.

Mzaliwa huyu wa Manyoni aliajiriwa mwaka 1994 kuosha vyombo vya kioo. Darubini ya elektroni ilipofika mwaka 2009, yeye ndiye aliyeshinda mtihani wa kuiendesha. Darubini hiyo haitumii mwanga. Hupitisha elektroni kwenye sampuli, ikaonyesha vitu vidogo mno. Kwayo ametuonyesha protini za mashudu ya alizeti na chembe za nano za madini ya fedha tunazopaka kwenye vichujio vya maji. Sampuli moja humchukua asubuhi nzima, na ukipiga chafya karibu yake unatolewa nje. Mkurugenzi wetu alishatolewa mara mbili.

Juni 2016 walikuja wakaguzi kutoka makao makuu. Picha zikatoka na ukungu. Wakaamua kwamba upepo wa Singida unaitikisa darubini, hivyo ihamishiwe jiji kubwa, wakamletea Bi. Klara fomu ya makabidhiano asaini. Alikataa. Aliweka beseni la maji sakafuni, akawataka waangalie. Nje hapakuwa na upepo hata kidogo, lakini maji yalikuwa yanatetemeka. Ilikuwa Jumanne, katikati ya msimu, na Mzee Omari Msengi, jirani yetu wa ukuta mmoja, alikuwa anakamua alizeti.

Hapa kituoni kila mtu alijua kwamba picha nzuri hupigwa Ijumaa mchana, Mzee Omari anapozima mashine na kwenda msikitini. Tulishazoea hivyo, tukasahau kuwaambia wageni. Kosa lilikuwa letu, nakiri. Bi. Klara aliwaomba wakae hadi Ijumaa, wakasema ratiba haiwaruhusu. Ijumaa ilipofika alipiga picha mwenyewe, kila chembe ya fedha ikaonekana na ukingo wake, akazituma makao makuu na barua fupi: darubini ni nzima na fomu hataisaini. Fomu hiyo haikutajwa tena kwa miaka tisa.

Mzee Omari alipopata habari, aliihamishia mashine yake upande wa pili wa kiwanja. Sharti lake lilikuwa moja tu, aonyeshwe alizeti yake ndani ya darubini. Alionyeshwa, akasema kama ndiyo hiyo anayokula, afadhali asingeiona.

Wiki iliyopita barua ya kuihamisha darubini ilikuja tena. Nadhani wamepiga hesabu kwamba Bi. Klara akiondoka, hapa watabaki watu wa kuitikia tu. Nimeisoma mbele ya wafanyakazi wote kumi na wanne, na hakuna aliyekubali kusaini, hata Petro wa stoo ambaye husaini chochote.

Dada Klara, nasikitika unaondoka, nasikitika kweli. Asante kwa kutufundisha kazi na kwa kutufundisha kukataa. Kapumzike Manyoni, Mungu akupe afya na siku nyingi. Ukija kutusalimia, darubini utaikuta hapahapa.

Leah Antipasi, kwa niaba ya maabara