Vidole Viwili Juu ya Tundu

Ndugu waombolezaji, kabla ya kusoma karatasi hii, mdogo wake marehemu, ndiye huyu aliyesimama mbele yenu, anaungama mbele za Mungu kwamba aliwahi kumsingizia dada yake, na uongo huo ameishi nao miaka minane.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, kifungua mimba wa fundi cherehani, akamaliza shule ya msingi mwaka 1975, akahitimu uuguzi mwaka 1983, na Februari 1984 akaanza kazi katika chumba cha upasuaji cha hospitali kuu, ambako walimwita Dada Gundi, kwa kuwa vidole vyake vikishika mahali havibanduki. Tarehe 6 Desemba 1986 aliolewa na fundi umeme, wakajaliwa mabinti wawili.

Mshipa mkuu wa damu ukivimba tumboni, siku hizi mgonjwa anaweza kutibiwa bila kupasuliwa tumbo, kwa kupitishiwa mrija, mnene kama kidole cha mwisho, kupitia mshipa wa kwenye kinena, na mshipa huo hutobolewa pale penye mfupa nyuma yake, maana pasipo na mfupa hakuna pa kuukandamizia, na marehemu ndiye aliyepapasa mapigo akasema, "Hapa, daktari, usipande juu." Wanafunzi aliwaambia, "Mkibana damu, tundu la ngozi linawadanganya, la mshipa liko vidole viwili juu."

Tarehe 9 Agosti 2016 aliyelala mezani kwa ugonjwa huo alikuwa mdogo wake huyu. Daktari alifunga tundu kwa nyuzi, dada akakandamiza, akamwonya asikunje mguu kwa saa sita, lakini saa ya tatu, dada alipofuata dawa, yeye, akiona haya kushikiwa chupa ya mkojo na dada yake, aliinuka akaenda msalani, na aliporudi kitandani damu ikajaa shuka. Dada alibana dakika arobaini, jasho likimdondoka. Daktari alipouliza, mgonjwa akajibu, "Mimi sijainuka, ni yeye hakubana vizuri." Dada aliziona ndala zimelowa maji ya msalani, akazisukuma kwa mguu chini ya kitanda, akasema tu, "Nyoosha mguu, mdogo wangu."

Dada akapewa barua ya onyo, akahamishiwa stoo ya mashuka hadi alipostaafu mwaka 2021, wala hakumwambia mtu ukweli, hata mumewe.

Januari 2024 aliugua saratani ya kongosho, akafariki tarehe 2 Juni, saa nne asubuhi, mikononi mwa mabinti zake. Tunawashukuru madaktari, majirani waliotupikia, na wauguzi wenzake waliopeana zamu kumwogesha.

Dada, pumzika, vidole vyako sasa vibandue. Nawe Muuguzi Mkuu, uliyeketi pale mbele, mdogo wake anakuomba, barua ile itoe kwenye jalada lake, na karatasi hii uiweke mahali pake.