Mlio wa Mlangoni

Benchi letu liko nje ya saluni ya Kinyozi. Mimi, Kinyozi na Fundi Viatu hunywa kahawa hapo na Mwalimu aliyetufundisha shule ya msingi. Kwa wiki mbili hoja ilikuwa moja tu: gari kuukuu la Mwalimu likipita kwenye matuta, lilikuwa likilia kro-kro-kro upande wa abiria. Alishatoa mazulia, akashusha jeki na spea, lakini mlio haukukoma.

Kinyozi alisema ni boliti ya kiti. Mimi nikasema springi. Fundi Viatu akaenda mbali zaidi.

— Ni panya. Alifia humo, sasa meno yake yanagonga.

— Meno gani ya kupiga kelele hivyo? Kinyozi aliuliza.

— Gari lina miaka thelathini. Na panya wake mzee.

Kinyozi alichoka na maneno, akaleta bisibisi. Alipiga kofi mlango wa abiria wa gari lililoegeshwa mbele yetu, ukamjibu kro-kro. Akafungua kava la ndani, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akatoka na filimbi ya shaba yenye kamba nyekundu iliyopauka; ilikuwa imenasa kwenye chuma hadi kamba ikakatika.

Hakuna aliyecheka. Tuliijua. Mwalimu alikuwa kocha wetu, na gari hilohilo lilitubeba mechi zote, tumebanana kama dagaa, tukiimba hadi koo zinakauka. Siku tuliyotwaa kombe, filimbi ilipotea njiani. Mwalimu alimshuku winga wetu, tuliyemwita Twiga kwa urefu wake, kwa sababu ndiye aliyekaa mlangoni. Alimfukuza timuni mbele yetu, nasi tukanyamaza. Mwaka haukuisha, wazazi wake wakahama naye.

— Kioo cha dirisha kilikuwa kimeshushwa, Kinyozi alisema polepole. Ilidondokea kwenye mwanya wa mlango.

Mwalimu aliifuta filimbi kwa pindo la shati, akaigeuzageuza.

— Alinitazama usoni akaniambia, "Mwalimu, sijaichukua." Nikamwambia asinijibu.

Alisema atamtafuta amwombe radhi, hata kama ni nchi nyingine. Sote tukasema tutasaidia, kila mtu akataja pa kuanzia.

Mama mmoja, mpangaji mpya wa nyumba ya pili, alikuwa amesimama na kikombe chake akitusikiliza. Alitoa simu.

— Siku hizi watu hawapotei, baba. Anaitwa nani, jina lake kamili?

Nilimtazama Kinyozi. Kinyozi akamtazama Fundi Viatu. Mwalimu, aliyekuwa akiita majina yetu kwenye rejista kila asubuhi, alisema "Twiga," akarudia "Twiga," na jina la rejista halikumjia.