Dirisha la Posta la Motuloa

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya posta na mawasiliano; Mchungaji wetu; Afisa wa Wilaya; wageni mliofuatana na Waziri; nanyi wazee, akina mama na vijana mliosimama kwenye foleni:

KARIBU

Sisi wakazi wa kisiwa cha Motuloa tunakushukuru kwa kushuka melini. Mawaziri wengi hutupungia mkono kutoka sitahani wakielekea visiwa vikubwa, nasi tukawapungia, ziara ikaishia hapo. Wewe umeshuka, umelowa viatu, na hukununa. Hilo tumeliona na tutalisimulia.

Risala hii imeandikwa na kamati ya watu saba. Inasomwa na Kalolaine Moala, mkuu wa posta yetu, ambaye pia ndiye karani wake, mfagiaji wake na mlinzi wake. Tukutaarifu mapema kwamba kuna mahali risala inamsema Kalolaine mwenyewe, mema yake na kosa lake. Aliomba sehemu hizo asome mtu mwingine. Tulimkatalia. Kwa miaka ishirini na sita ameita majina yetu dirishani, na hakuna mwenye sauti inayofika nyuma kama yake. Akiona haya katikati ya kusoma, tafadhali itazame bahari kidogo mpaka atulie.

HISTORIA

Posta hii ilijengwa na babu zetu. Serikali ilileta dirisha, kufuli na muhuri; mawe, mbao, jasho na chakula cha mafundi vilikuwa vyetu. Ndiyo maana mtu wa hapa husema "posta yetu" bila kujiuliza.

Motuloa haina majina ya mitaa wala namba za nyumba. Barua huja imeandikwa "Kwa yule mama mwimba sauti ya tatu kanisani", na siku hiyo hiyo mama huyo anaisoma. Katika miaka yote ya Kalolaine, barua iliyomshinda ni moja tu, na hiyo ilikuwa imeandikwa namba ya nyumba.

TUNAYOJIVUNIA

Mheshimiwa, mkeka unaotandikwa kwenye harusi ya mtoto wetu huko Auckland umepita hapa. Nguo ya magome ya ngatu inayofunika jeneza la mzee wetu aliyefia Sydney imepita hapa. Majibu ya mitihani, dawa za presha, miwani na meno ya bandia ya marehemu katekista, yote yalipita kwenye dirisha hilo unaloliona.

Tena tunajivunia siku moja kuliko zote. Ile tufani kubwa ilipopita, paa la posta tulilikuta ufukwe wa pili, na kuta tatu zilikuwa chini. Ulibaki ukuta wa mbele wenye dirisha. Simu zilikuwa zimekufa kisiwa kizima. Asubuhi iliyofuata Kalolaine alijifunga mkeka wake wa heshima kiunoni, akapangusa tope mezani, akafungua dirisha saa mbili kamili. Nasi tukapanga foleni. Semisi, fundi wetu wa mashua, alikuwa na haraka, akazunguka ule ukuta kwa pembeni. Shangazi Lesieli akamwona.

"Wee Semisi! Unaingia posta kwa nyuma kama kuku?"

"Nyuma ipi, shangazi? Nyumba yenyewe haipo!"

"Nyumba haipo, adabu ipo. Rudi kwenye foleni!"

Akarudi. Watoto wetu wanaochuma matunda New Zealand walijua kwamba tuko hai kwa barua zilizogongwa muhuri siku hiyo, Kalolaine akiwa juani amejifunika mfuko wa barua kichwani. Hakuna aliyemtuma, wala hakuuliza kama siku ile ingelipwa. Tunamwomba asikohoe hapa, aendelee kusoma.

CHANGAMOTO

Tunajua shirika la posta la taifa letu lina hali ngumu. Barua zimepungua, mafuta ya meli yamepanda, na hasara imekuwa wimbo wa kila mwaka. Hatubishi. Vijana husalimiana kwa simu, na hata Kalolaine humpigia mwanawe kwa simu, tumemwona. Lakini simu haibebi mkeka.

Mwaka jana makao makuu yalituma maofisa wawili, vijana wenye adabu, kuja kuhesabu wateja kwa siku mbili katika kila posta ndogo, ili ijulikane ipi ibaki na ipi ifungwe. Taarifa ilitufikia wiki moja kabla. Katika taarifa yote ile ndefu, masikio yetu yalishika neno moja tu: wageni.

Hapo ndipo tulipoharibu mambo. Shangazi Lesieli ni shangazi wa nusu ya kisiwa hiki, na nusu iliyobaki inamwogopa. Akatoa amri.

"Wageni wa serikali waje wakute watu wamejazana na mafurushi kama bandarini? Aibu hiyo! Hakuna kwenda posta mpaka waondoke. Wanaume, nguruwe. Wanawake, nazi na majani ya lu ya kufungia nyama."

Kalolaine alijaribu. "Lakini shangazi, wanakuja kuhesabu wateja."

"Watahesabu wakishashiba."

Kwa siku mbili hizo, Mheshimiwa, wateja wote wa posta ya Motuloa walikuwa nyuma ya kanisa wakichimba shimo la umu la kuokea nguruwe, wakichoma mawe, wakikuna nazi. Wale vijana wawili walikaa pale dirishani na daftari lao, wanasikia kishindo cha mapishi, wanaona njia tupu. Siku ya pili mmoja akamwuliza Kalolaine kwa upole, "Mama, huwa kimya hivi siku zote?"

"Leo watu wana shughuli."

"Shughuli gani?"

"Shughuli tu. Nyinyi mmekula lakini?"

Hilo ndilo kosa lake, naye amelikiri mbele ya kanisa zima. Alishindwa kusema, "Wateja wangu wanawapikia nyinyi." Nasi hatuwezi kumlaumu, maana kumwambia mgeni umeacha nini kwa ajili yake ni kumhesabia matonge. Yeyote kati yetu angefunga mdomo vilevile.

Ripoti ikatoka. Imeandikwa kwamba posta ya Motuloa ilipata mteja mmoja kwa siku mbili, na mteja huyo si mkazi. Ni kweli tupu. Alikuwa mzungu mmoja wa mashua ya matanga aliyekuja kununua stempu, na hakuwa na habari kwamba tuna wageni. Kwa hesabu hiyo tumewekwa kwenye orodha ya kufungwa, na tumeambiwa tuwe tukienda posta ya kisiwa kikubwa, saa tano kwa mashua bahari ikiwa shwari. Mama wa miaka themanini na mkeka wake mabegani, saa tano kwenda, saa tano kurudi. Tuliposomewa hayo, tulikasirika, kisha tukaona kwamba wa kukasirikiwa ni sisi wenyewe.

MAOMBI

Habari ya ziara yako ilipofika, tulikutana kanisani. Kalolaine akasimama, akasema kwa sauti ndogo ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, "Safari hii tusipike."

Shangazi Lesieli akainuka. "Waziri akanyage Motuloa asile? Nife kwanza!"

Semisi akamjibu kutoka nyuma, "Ukifa sasa, shangazi, wanao walioko ng'ambo watatuma mikeka ya maziko kwa posta ipi?"

Kanisa zima lilicheka. Shangazi hakucheka. Alikaa, kisha akauliza, "Chai je?" Tulipiga kura juu ya chai, ikashindwa, kwa sababu tunamjua: chai yake huanza na kikombe ikaishia na nguruwe.

Basi, Mheshimiwa, umeshuka Motuloa na hujapewa hata maji ya dafu. Tunaona aibu kubwa, na tunaisema wazi. Hakuna kisiwa katika ufalme huu kitakachotuelewa, na tukienda harusini tutataniwa miaka kumi. Shangazi Lesieli alilia jana. Leo ni wa kwanza kwenye foleni, tangu alfajiri, na nyuma yake wamo watu thelathini na watatu. Hatukuwaita waje kukuonyesha. Tumeacha tu kuwazuia.

Ombi letu la kwanza ni kwamba tuhesabiwe upya, na wanaokuja kuhesabu waje bila taarifa.

La pili, hatukatai mageuzi. Dirisha hili linaweza kufanya kazi zaidi: kuandikisha watoto wanaozaliwa, kukata tiketi za meli, kupokea malipo ya umeme. Kalolaine yuko tayari kujifunza, na ameshanunua kalamu. Gharama za meza mpya na rangi tutazibeba wenyewe, kama babu zetu walivyobeba mawe.

La tatu, mikeka iwekewe nauli yake. Leo hutozwa kwa urefu, kama mbao, hata wengine wanaona heri kumpa abiria aibebe, na posta inakosa mapato ambayo tungependa kuipa.

Yapo maombi mengine manne. Yamo kwenye karatasi utakayokabidhiwa, lakini hatutayasoma. Tangu Kalolaine aanze kusoma risala hii, dirisha liko wazi na hakuna mtu nyuma yake. Meli iliyokuleta ndiyo meli ya barua, nayo inaondoka saa sita. Tulishalisimamisha dirisha hili mara moja kwa heshima ya wageni. Hatulisimamishi tena, hata kwa heshima yako, na tunaamini utaipokea hiyo kuwa ndiyo heshima yenyewe.

Kwa hiyo anarudi ndani sasa hivi. Tunakuomba usogeze kiti chako kidogo upande wa kushoto, kwa sababu kimekaa mahali foleni inapopita.

Mungu akufikishe salama, ayatulize maji mbele ya meli yako na ya magunia yetu yatakayosafiri nawe, akupe afya, na akupe nafasi ya kukaa hapo uhesabu mpaka mtu wa mwisho.

Ni sisi,
Wateja wa Posta ya Motuloa.