Hereni Kwanza: Wasifu wa Marehemu Mzee Erasmus Mwakibete, Mtaalamu wa Mifugo wa Wazo

Marehemu Mzee Erasmus alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Tukuyu, mtoto wa tatu wa Mzee Wilbert na Bi. Apolonia. Alisoma shule ya msingi hukohuko, akikata majani ya ng'ombe kabla ya kengele, na mwaka 1984 alihitimu astashahada ya mifugo.

Mwaka 1989 alifunga ndoa na Bi. Tupokigwe, wakahamia Dar es Salaam. Alizunguka Tabata, Mbweni na Wazo kwa baiskeli, baadaye pikipiki, akihawilisha viinitete: anachukua kiinitete cha ng'ombe wa maziwa mengi na kukipandikiza kwa ng'ombe wa kawaida, akibebe hadi azae. Kila ng'ombe alimwita kwa jina, na kila ng'ombe aligeuka.

Tapeli mmoja aliyejiita mtaalamu alipoharibu kizazi cha ng'ombe wa jirani, Mzee aliamua kutafuta cheti cha umahiri wa kuhawilisha viinitete.

"Baba Lusungu, na mvi hizo unarudi kukaa dawatini?" mkewe alimtania.

"Ng'ombe hasemi, mama. Mfugaji atajuaje kama mie si tapeli?"

Mtihani wa 2022 alifeli. Mikono haikukosea, ila kwenye fomu, palipotakiwa namba ya hereni ya sikioni, aliandika "Rehema".

"Shikamoo mzee wangu," msimamizi alimwambia, "lakini akina Rehema wako wangapi nchi hii? Ndama akiugua, mama yake tutampataje?"

Wiki nzima hakuingia banda la ng'ombe wake mwenyewe. Kisha alimwomba binti yake, Lusungu, amsikilize akikariri namba za hereni kila asubuhi wakati wa chai. Julai 2024 alifaulu. Cheti hakukitundika sebuleni, alikitundika bandani.

Figo zilikuwa zimeanza kumsumbua, lakini Septemba hiyo alipandikiza kiinitete kwa ng'ombe wa Mama Clara, mfugaji wa Wazo, cha kwanza tangu apate cheti. Baada ya hapo hakwenda tena kazini. Kila wiki aliulizia ng'ombe yule kabla ya kuulizia majibu yake ya hospitali.

Ndama jike alizaliwa Jumanne, tarehe 10 Juni 2025. Mama Clara alimpigia simu wodini alikolazwa: "Mzee, tumwite nani?"

"Mvisheni hereni kwanza," alijibu taratibu. "Jina nitawapa kesho."

Alifariki alfajiri ya Jumatano.

Ameacha mjane, Bi. Tupokigwe, watoto wawili, Lusungu na Stanley, wajukuu watatu, na ndama mmoja pale Wazo, mwenye namba sikioni, ambaye bado hajapewa jina.

Mungu ampumzishe Mzee wetu kwa amani.