Sindano ya Cyrille

Kijiwe chetu kiko nje ya duka la vyakula vya nyumbani hapa Alief, mtaa wetu wa ughaibuni: benchi moja, meza ya plastiki na flaski ya kahawa. Mimi wananiita Daktari. Kazi yangu hospitalini ni kusukuma vitanda vya wagonjwa, lakini sijawahi kuwasahihisha, maana jina lenyewe tamu. Jumapili hii aliyehitaji daktari ni Cyrille, Mrundi wetu wa kazi za hoteli. Macho yake yamekuwa ya manjano. Kesho wanataka kumwingizia sindano kwenye ini, watie rangi ya dawa, wapige picha ya mirija ya nyongo waone ilipoziba. Fomu ya kukubali anayo mkononi, hajaisaini. Anaogopa.

— Usi-sign, akasema Onyancha, fundi wa AC tunayemwita Injinia. Mimi nimechinja mbuzi tangu class six. Ukitoboa nyongo, nyama yote inakuwa chungu.

— Mimi si mbuzi.

— Lakini uko na nyongo.

Cyrille akanigeukia.

— Docta, weye uko hospitali kila siku. Ni kweli?

Hapo ndipo nilipopaswa kusema sijui. Badala yake nikakohoa kidogo, nikamweleza kwamba sindano ni nyembamba na inapita katikati ya mbavu. Hayo niliyasikia nikisukuma kitanda. Kisha nikaongeza ya kwangu: baada ya hapo mtu hukaa mwezi mzima bila kucheka. Injinia akasema AC ikivuja hivyo hubadilisha mashine nzima, nami nikakubali. Tukafika mahali pa kubishana kama uchungu utapanda hadi kwenye ulimi.

Perpétue, mke wa Cyrille, akatoka dukani na mfuko wa unga. Alikuwa ametusikia.

— Nesi alitueleza yote. Wanafuata mrija, hawapasui kitu. Mimi nauliza moja tu. Baada ya sindano hatakiwi ku-drive, na mimi sina leseni. Nani atampeleka kesho?

Injinia akatazama simu. Kesho ni off yangu, na gari langu lilikuwa limeegeshwa mbele ya benchi. Nilikuwa nimepanga kulala. Niliona aibu, lakini nikajimiminia kahawa.

Cyrille alitungoja. Kisha akachukua kalamu ya mkewe, akasaini, akaniuliza basi la kwanza hupita saa ngapi.

Hilo nalo Daktari hakulijua.