Kiti cha Kujichimbia

Kijiwe chetu kiko pale barabara inapokata kona, na hakina ukuta kwa sababu mlima wenyewe ndio egemeo. Masharti yake mepesi: ukitaka kuwa mwenzetu unapewa jembe, unajichimbia nafasi kwenye udongo wa mlima, unasogeza ubao, unakaa. Hivyo ndivyo benchi letu lilivyorefuka. Juu yetu, ukingoni kabisa, ipo nyumba ya Shangazi anayetuuzia kahawa, na ndani yake amelala mama yake mzazi asiyeweza kutembea. Jana mvua ilipokatika, kipande cha mlima kilimwagika barabarani jirani na tulipo, magari yakakwama pande zote. Leo asubuhi tulikuwa wanne tu, lakini tuliwahi, maana watu hawawezi kushinda siku nzima bila maelezo yetu.

— Ni malori, — alisema Breki, dereva mstaafu aliyepewa jina hilo kwa sababu lori lake halikuwa nazo. — Yanapiga honi hapa konani, mlima unashtuka. Ushtuliwe wewe miaka yote hiyo, hutaanguka?

— Na honi zako je? — nilimuuliza.

— Zangu zilikuwa za adabu.

Shangazi alikuwa anamimina kahawa.

— Mlango wangu leo umegoma kufunga, — alisema. — Na sakafu ya jikoni ina ufa, kidole kinaingia.

— Mbao hizo, Shangazi, zimelewa maji, — alisema Profesa, ambaye uprofesa wake wote uko kwenye miwani. — Sasa nisikilizeni. Mwezi unavuta maji ya bahari, sivyo? Hapa kwetu bahari hakuna. Basi unavuta nini?

— Mlima, — alijibu Breki.

— Ahsante. Kumbe kuna mtu anafikiri.

— Ufa umefika chini ya kitanda cha mama, — alisema Shangazi.

— Pole, Shangazi, tutafika huko, — alisema Waziri, mtu ambaye hajawahi kuongoza hata foleni. — Nyie mnazunguka tu. Huu mlima unaibiwa.

— Unaibiwaje? — niliuliza.

— Kwa upande wa pili. Wanauchota huko kidogo kidogo, huku kwetu unalegea. Wewe umewahi kufika upande wa pili?

— Sijawahi.

— Umeona? Hawataki ufike.

Tulitikisa vichwa kwa heshima, hoja ya namna hiyo huipati kila siku. Breki akaongeza kwamba wezi ni wale wale waliotujazia matuta barabarani. Profesa akakubali, mradi mwezi nao utajwe.

Hapo akaja mwanamke mwenye mkoba begani, abiria wa basi lililokwama. Aliomba kahawa na mahali pa kukaa.

— Karibu, dada, — alisema Waziri, akimkabidhi jembe. — Kahawa ipo, ila kiti unajichimbia. Ndio utaratibu, sote tumepita hapo.

Dada alilipokea jembe. Akatazama nafasi zetu zilivyopangana kwenye udongo, kila mtu na egemeo la mgongo wake limechongwa vizuri. Kisha akainua macho taratibu mpaka kwenye nyumba.

— Nikitoa na udongo huu, — aliuliza, — ile nyumba itashikiliwa na nini?

Breki akakohoa. Profesa akavua miwani, akaifuta, akaendelea kuifuta. Waziri alitazama angani, labda mwezi ungemsaidia. Mimi nilijikuta nimeacha kuegemea, na aibu imenijaa mpaka masikioni. Kokoto chache zikaporomoka, zikamwingia Breki kwenye kola ya shati.

Shangazi akainua birika, akamwaga kahawa yote juu ya makaa.

— Imekwisha, — alisema. — Nyanyukeni. Kitanda cha mama kina miguu minne, na nyinyi mko wanne.

Tulipanda kwa njia ya kuzunguka, tukinyata. Breki ndiye aliyetuomba tusikohoe.