Tjitske Wiersma, Aliyekataa Kulipwa Peke Yake

Ndugu waombolezaji, majirani wa Easterein, na wageni wetu mliosafiri kutoka Ireland na Poland, familia imeniomba mimi Gerlof, mdogo wa marehemu, niwasomee maisha ya dada yetu, nami nitajitahidi kufika mwisho.

Marehemu Tjitske Wiersma, binti wa mzee Rinse Hettinga na mama Baukje, alizaliwa tarehe 3 Machi 1958 hapa Easterein, akasoma shule ya msingi hapa hapa kijijini, kisha akaenda chuo cha kilimo Leeuwarden, alikohitimu Juni 1977, na vijana waliomcheka siku ya kwanza kwa kuwa msichana ndio waliokuja baadaye kumwita kila ndama alipokwama tumboni mwa mama yake.

Tarehe 9 Mei 1981 alifunga ndoa katika kanisa hili na shemeji yetu Wobbe Wiersma, wakarithi shamba la ng'ombe wa maziwa la wazazi wa Wobbe, na tarehe 20 Novemba 1985 wakajaliwa binti yao wa pekee, Hylkje, aliyejua kukamua kabla ya kujua kusoma.

Mwaka 2004 walikopa benki wakanunua tangi jipya la kupozea maziwa, baada ya kuzunguka kwa wauzaji watatu na kukuta bei ni ile ile kila mahali, hata Wobbe akasema, "Basi, mke wangu, ndiyo bei yake." Mkopo ule uliwaelemea, na tarehe 14 Februari 2012 shamba liliuzwa na ng'ombe wakapakiwa kwenye malori, Tjitske akiwa amesimama getini akiwaaga mmoja mmoja kwa majina yao. Wobbe alijilaumu mpaka akanyamaza kabisa, akafariki Oktoba 2015 akiamini kwamba yeye ndiye aliyelizamisha shamba.

Miaka miwili baadaye serikali ilitangaza kwamba watengenezaji wa matangi yale walikuwa wakikutana kwa siri na kupanga bei pamoja, nchi hadi nchi, na siku hiyo dada yetu alikwenda moja kwa moja makaburini hapo nje, na mchungaji alimsikia akisema kwa sauti, "Wobbe, hukukosea. Tuliibiwa, mume wangu. Tuliibiwa!"

Wafugaji wa hapa, wa Ireland na wa Poland walipofungua kesi moja ya pamoja kudai fidia katika mahakama ya Amsterdam, walimweka Tjitske mbele, na mwaka 2021 kampuni zilimtumia wakili na ahadi ya kumlipa yeye peke yake, kiasi cha kulinunua tena shamba, mradi tu ajitoe. Mawakili wetu walimwonya kwamba akijitoa mfugaji wa hapa anayeongoza, wale wa nje huenda wakafungiwa mlango wa mahakama ya hapa, na kila mmoja arudi kushtaki peke yake kwao, jambo wasiloliweza.

Hylkje alimwambia, "Mama, chukua. Ni shamba letu hilo."

"Baba yako alikufa peke yake na aibu isiyokuwa yake," Tjitske akasema. "Siwezi kumwacha mfugaji mwenzangu Bogumiła kule Poland afe hivyo hivyo."

"Kumbe wageni unawapenda kuliko mimi."

Aprili 2022 Hylkje alihamia Kanada kukamua ng'ombe wa watu wengine, wakawa wanapigiana simu Krismasi tu.

Septemba 2024 macho ya marehemu yaligeuka manjano, akapelekwa hospitali ya Sneek, ikaonekana ni saratani ya kongosho. Hylkje aliwasili Januari, akamkuta mama yake amebaki mifupa, na hakuna kati yao aliyeitaja kesi.

"Leo nani anakukamulia huko?" mama akauliza.

"Yupo mtu, Mama. Usijali."

"Ana mikono laini?"

"Siyo kama yako."

Alifariki mchana wa Jumapili, tarehe 19 Januari 2025, mkono wake ukiwa ndani ya mikono ya binti yake. Jumatano iliyofuata mahakama iliamua kwamba wafugaji wote wa nchi tatu walidhulumiwa na wote watalipwa. Shamba la akina Wiersma limekwisha kujengwa nyumba, halitarudi, na Hylkje ameniomba niseme hapa, kwa sababu yeye mwenyewe hawezi, kwamba sasa ameelewa kwa nini mama yake alikataa fedha zile, na kwamba angetoa kila kitu amwambie mama yake jambo hilo akiwa hai.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Sneek, majirani mliomletea supu na kumkatia majani, na mawakili wetu. Kwako Bwana Fintan wa Ireland, na kwako mama Bogumiła uliyesafiri kwa basi kutoka Poland, familia inawaomba mje mbele, mbebe jeneza pamoja na Hylkje tunapolizunguka kanisa mara tatu, kama ilivyo desturi yetu hapa.

Lala salama, Tjitske. Pumzika kwa amani kando ya Wobbe wako.